Fomu ya Kurasa Sita

Jumatatu ile ofisi ya ardhi ilifurika watu mpaka kwenye ngazi. Kila mtu alikuwa na bahasha kwapani na kila mtu aliapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Karani wa dirisha namba tatu, kijana mtanashati wa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, alikuwa hoi hata kabla ya saa nne. Ndipo akatokea mbele yake dada mwenye gauni la rangi ya haradali, lenye mifuko mikubwa ubavuni, na shingoni kaning'iniza utepe wa kupimia nguo. Alikuwa ameusahau hapo.

"Umekuja kunipima?" karani akamuuliza.

Dada akajishika shingo, akacheka mpaka foleni ikageuka. "Nimeshakupima. Bega la kushoto limeshuka."

Basi, jamaa kwisha habari yake.

Dada huyo alikuwa fundi cherehani, na shida yake aliieleza kwa haraka, maana nyuma watu walikuwa wakiguna. Aliishi na baba yake, mzee aliyepooza upande mmoja tangu mwaka uliopita. Alitaka kuacha kibanda alichopanga sokoni ili ashonee nyumbani, kwenye chumba kidogo cha uani, awe karibu mzee akiita. Lakini hati ya kiwanja chao ilikuwa na sharti la tangu zamani: nyumba ya kuishi tu, kazi yoyote ya biashara marufuku. Yeye alikuwa na cherehani mbili na meza ya kukatia, wala hakuomba zaidi ya hapo.

Sasa sikilizeni alichofanya huyu bwana. Drooni mwake mlikuwa na fomu mbili. Fomu ya kubadilisha sharti ilikuwa ya ukurasa mmoja: unaandika unachotaka kiruhusiwe, majirani wanasaini, wiki mbili mambo yamekwisha. Fomu ya kuondoa masharti yote ilikuwa na kurasa sita na viambatisho vitano, na mwombaji alilazimika kufika dirishani mara nne. Mkono wake ulikwenda kwenye ile ya kwanza, ukasita, ukachukua ya pili. Alitaka kumwona tena. Hakuwa na ubaya moyoni, lakini msije mkamtetea, alijua anachofanya.

Na kweli dada alirudi. Mara ya pili alileta ramani ya kiwanja, karani akamwomba namba ya simu "kwa ajili ya faili". Mara ya tatu alivaa blauzi ya bluu aliyoimaliza asubuhi hiyo hiyo, na uzi ulikuwa bado unaning'inia kwenye mkono. Mchana wakawa wanapigiana simu, huyu na mhuri mkononi, yule mguu ukiwa kwenye pedali. Fundi wangu, umekula? Nimekula uzi, karani wangu, wewe umekula wino? Ilipofika mara ya nne walikaa pamoja kwenye benchi la nyuma ya ofisi, wakanywa soda moja kwa mirija miwili, na fundi akasema hajawahi kuipenda ofisi ya serikali namna ile. Karani alicheka, lakini nafsi ikaanza kumsuta.

Tangazo likabandikwa langoni kwa fundi, kama utaratibu unavyotaka: *Maombi ya kuondoa masharti yote ya matumizi ya kiwanja.* Jirani wa ukuta mmoja, mama mwalimu mstaafu, alivaa miwani akalisoma mara mbili. Yote? Akaona baa, akaona gereji, akaona ghorofa likichungulia chumbani kwake. Kesho yake aliwasilisha pingamizi, na faili likakwama kusubiri kikao cha baada ya miezi miwili.

Fundi alimpigia karani kwa hasira. Yule mama amemlea, amemwita mwanangu miaka yote, leo anamzibia riziki. Alikuwa ametoka kumtolea maneno pale ukutani, maneno ambayo hajawahi kumwambia mtu mzima, na mama wa watu alikuwa ameingia zake ndani. Hapo ndipo karani angesema ukweli.

"Pole, mpenzi," akasema, basi.

Wiki ya sita ya kusubiri kikao, fundi akiwa kibandani sokoni, mzee alitaka maji. Aliita, hakuna mtu. Akajaribu kusimama mwenyewe, akaanguka na kuvunja mkono, ule mkono mmoja uliokuwa mzima. Alilala sakafuni kwa saa tatu mpaka binti yake aliporudi.

Karani alimkuta fundi kwenye korido ya hospitali, gauni limekunjamana, macho mekundu. Alikuwa amepanga kuanza kwa pole, akashindwa.

"Kulikuwa na fomu nyingine," akasema.

"Fomu gani?"

"Ya kubadilisha tu. Ukurasa mmoja. Ingechukua wiki mbili, na mwalimu angesaini. Nilikupa ile ndefu ili urudi."

Fundi alimtazama kana kwamba anamsoma upya. "Wiki mbili?"

"Wiki mbili."

"Baba kalala sakafuni kwa sababu ulitaka kuniona." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuumiza karani zaidi. "Si ungesema tu unataka kuniona? Ningekuja."

Akaingia wodini. Simu hakupokea tena.

Karani alipiga moyo konde. Alikwenda kwa mwalimu, akamweleza yote akiwa amesimama, maana aliona haya hata kuketi. Mwalimu alishika kichwa. Cherehani? Kumbe ni cherehani tu? Aliandika barua ya kufuta pingamizi palepale, kisha akajitanda khanga akaenda kwa jirani yake, na huko walilia wote wawili. Karani akamwandikia mkuu wake kosa lake bila kupunguza neno. Alitolewa dirishani akapelekwa stoo ya mafaili, na hakulalamika.

Ile fomu fupi, iliyopelekwa na mwalimu, ilichukua wiki mbili kamili. Kibali kilipotoka, karani alikibeba mwenyewe mpaka langoni. Fundi alikipokea, akakisoma, hakutabasamu.

"Ahsante. Baba hajui kitu. Ingia umwambie."

Mzee alikuwa kitini, mkono kwenye plasta. Karani alipiga magoti akasema yote: fomu mbili, drooni, mkono uliosita. "Mzee, ulianguka kwa sababu yangu."

Ulimi wa mzee ulikuwa mzito, maneno yalitoka moja moja.

"Niinue," akasema. "Nikaone... hicho chumba."

Karani akainama, akajaribu, akashindwa, akajaribu tena. Hakujua kwamba mtu ni mzito kiasi kile. Alimfikiria fundi akifanya kazi hiyo peke yake kila asubuhi kabla ya kupanga foleni dirishani kwake, mara nne, na machozi yakamtoka mbele yao.

Fundi alikuja upande wa pili, akausogeza mkono wa karani chini kidogo.

"Mshike kiunoni, si kwapani," akamwambia. "Utazoea."