Nani Aliiziba Mdomo

Tulia alinipigia simu Jumamosi, saa tisa alasiri, nikiwa chini ya pikipiki ya mteja pale gereji kwangu Bulyaga.

"Shemeji, njoo uichukue ile treni yenu."

"Kesho basi, nikitoka kanisani."

"Leo. Shemeji, nakuomba, leo."

Sikuuliza sababu. Miezi saba ilikuwa imepita tangu mumewe, Asajile, afariki, na katika miezi hiyo yote nilikuwa nimekanyaga kwake Suma mara mbili tu. Nilifunga gereji, nikafunga boksi na magunia mawili nyuma ya pikipiki, nikaondoka.

Nilifika jua likizama. Mvua ilikuwa imekatika na ukungu ulishaanza kushuka kwenye mashamba ya chai. Tulia alikuwa mlangoni, amejitanda khanga, kitabu cha nyimbo kwapani.

"Nakwenda kwaya. Ufunguo wa stoo huu hapa. Ukimaliza uuweke chini ya ndoo."

"Hunisubiri hata kidogo?"

"Jioni mimi sikai hapa," akasema.

Akaenda zake kwa haraka. Hakugeuka.

Asajile na mimi tulikuwa marafiki tangu shule. Aliona treni kwa mara ya kwanza Mbeya mjini, akiwa na miaka tisa, na hakupona tena. Alipokua akaajiriwa kuhudumia boila katika kiwanda cha chai, na huko akajifunza tabia za mvuke. Mimi nilikuwa na mashine ya kukereza vyuma. Tukaamua kutengeneza treni yetu. Ndogo, lakini treni ya kweli, ya kuchemsha maji.

Ilituchukua miaka minne. Reli tulizichonga kwa vipande vya aluminiamu vya madirisha, mataruma ya kuzilaza juu yake kwa mbao za mkaratusi. Boila ilikuwa bomba la shaba, unene wa paja la mtoto, na chini yake taa tatu za spiriti. Mabehewa yalikuwa manne. Reli ilizunguka migomba yote ya uani, ikavuka mfereji kwa daraja, ikarudi. Kila Jumapili tulifuta magurudumu, tukatia oili tone moja moja, tukasuuza boila kwa maji ya mvua ili isishike chokaa. Watu walitoka hata Tukuyu kuja kuiona ikipita chini ya majani ya migomba, inatoa moshi kama mtu mzima.

Ilikuwa na kasoro moja. Valvu ya usalama, ile inayofunguka yenyewe presha ikizidi, ilikuwa inavuja. Ilipiga mluzi, ikawatemea watu maji ya moto. Mimi ilinikera. Asajile alicheka tu.

"Iache iteme, Ezron. Ikitema ndiyo inapumua."

Kisha tukapata habari kwamba mwenye nyumba ya wageni mmoja kutoka Mbeya angekuja Jumapili kuiangalia. Akiipenda, tungemjengea yake bustanini. Sikutaka atemewe maji. Jumamosi ile jioni, Asajile alipokwenda kuoga, nilikaza nati ya springi ya valvu mpaka mwisho. Haikutosha. Nikachomeka kipande cha msumari juu yake, isiweze kunyanyuka kabisa.

Nilijiambia nitamwambia kesho. Nilijiambia moto nitauangalia mwenyewe.

Jumapili asubuhi Asajile aliiwasha peke yake, kabla ya ibada. Boila ilipasuka akiwa ameinama juu yake. Shaba ilimkata shingo, maji yakammalizia uso. Hakufika hospitali.

Mimi ndiye niliyeokota vipande. Valvu niliitia mfukoni. Jioni nikaitupa chooni.

Msibani wazee waliniita pembeni.

"Ezron, wewe ndiye fundi mwenzake. Chombo kile kilikuwa kizima?"

Nikasema, "Kilikuwa kizima."

Maneno mawili. Niliona macho yao yakigeuka, moja baada ya jingine, kuelekea ng'ambo ya mfereji. Huko aliishi Bibi Anyosisye, mjane, peke yake. Majuma mawili kabla alikuwa amegombana na Asajile kwa sababu treni ilimtisha mbuzi wake. Alisema mbele za watu: "Hicho kidude chenu kitawaua!" Sasa fundi mwenyewe anasema chombo kilikuwa kizima. Kama chombo kizima kimeua, kimeuaje?

Juma lile lile mawe yakaanza kuanguka juu ya bati lake. Mbuzi wake akakutwa amekatwa miguu. Mwezi haukuisha, Bibi Anyosisye akahamia Lupepo kwa binti yake Jenifer. Alipita mbele ya gereji yangu, godoro kichwani. Nilimwona. Niliinama kwenye injini nikajifanya natafuta spana.

Basi, jioni hiyo Tulia aliponiachia ufunguo, niliingia stoo peke yangu.

Nikawasha taa ya simu. Mabehewa yalikuwa juu ya rafu, yameshika vumbi. Kichwa cha treni kilikuwa sakafuni ndani ya gunia, kimefungwa kwa kamba ya mgomba, kama nilivyokiacha siku ya msiba. Sikukigusa. Nilianza na mabehewa. Mkono wenyewe, kwa mazoea, ukafuta gurudumu la kwanza... la pili...

Nikasikia harufu ya spiriti.

Nikasimama. Nikadhani ni chupa imemwagika. Nikamulika rafu. Hapakuwa na chupa.

Kisha nje, mbali kidogo, upande wa daraja...

Chuku... chuku... chuku...

Sauti ile naijua. Niliikereza mimi mwenyewe ile pistoni. Hakuna kitu kingine Rungwe nzima kinachotoa sauti ile.

Nikageuza taa taratibu kwenye sakafu.

Kamba ilikuwa bado imefungwa. Gunia lilikuwa limelala. Tupu.

Nilitoka. Najua mwenye akili angekimbilia barabarani, lakini miguu yangu ilifuata sauti. Kulikuwa na mwanga kidogo bado, ule wa kijivu. Ukungu ulikuwa umejaa kati ya migomba. Reli zilikuwa zimeota nyasi, mataruma mengi yameoza, na katika hali ile hakuna gurudumu ambalo lingepita. Lakini nyasi zilikuwa zinalala... zinainuka... zinalala. Kitu kilikuwa kinapita.

Kikanipita miguuni. Nilihisi joto kwenye ugoko.

Boila ilikuwa wazi, imepasuka vilevile kama ndizi iliyoiva mno. Hata hivyo ilikuwa inatoa mvuke.

Katikati ya mviringo wa reli, chini, alikaa mtu. Amejifunika blanketi. Mgongo wake mdogo. Treni ilimzunguka yeye.

"Ugonile, Ezroni," akanisalimu, kwa Kinyakyusa, bila kuniangalia. Sauti ilikuwa ya Bibi Anyosisye.

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Ilikuwa inapumua hapa juu," akasema polepole. "Nilikuwa naisikia hadi kwangu. Nani aliiziba mdomo?"

"Sijui, bibi."

Treni ikazunguka. Ilipopita mara hii, mlio ulikuwa wa haraka zaidi. Joto lilinipiga magotini.

"Nani aliiziba mdomo?"

"Bibi, mimi... Labda ni shetani tu."

Chukuchukuchukuchuku...

Shaba ilianza kulia. Wanaojua boila wanaujua mlio ule, chuma kikijivuta kwa ndani kabla hakijaachia. Nilitaka kujitupa chini lakini sikuweza hata kukunja goti. Na wakati miguu yangu inaungua, shingoni kwa nyuma kulikuwa na baridi. Baridi ya pumzi. Kama watu wengi wamesimama nyuma yangu, wote wananipumulia pamoja.

"Nani?"

"Mimi," nikanong'ona. "Mimi, bibi. Niliiziba mimi."

Kimya.

Hakuna mlio. Hakuna mvuke. Matone tu yakidondoka kwenye majani ya migomba.

Bibi akageuza kichwa kidogo, nisiweze bado kuuona uso.

"Umeniambia mimi tu," akasema. "Mimi nina masikio gani?"

Hapo ndipo miguu ilipofunguka. Nilikimbia. Pikipiki niliiacha pale pale.

Siku tatu nilitetemeka. Walinipima malaria, hakuna. Wakapima typhoid, hakuna. Mama yangu alinilundikia mablanketi matano, na mimi meno yakagongana tu. Mwisho akakaa kitandani, akaniangalia sana.

"Hii si homa, mwanangu. Watu wakimnung'unikia mtu kwa kosa la kweli, hata wakinyamaza, pumzi yao humfuata. Baridi hii naijua. Umefanya nini?"

Siku ya nne nilikwenda kwa Tulia. Nilipiga magoti jikoni kwake nikamweleza kuhusu nati, msumari, valvu niliyoitupa, na maneno yangu mawili pale msibani. Hakulia. Alikuwa anamenya ndizi na hakuacha kumenya.

"Kwa hiyo ndiyo maana," akasema, kwa sauti ndogo. "Kila jioni naisikia uani. Nilidhani ni Asajile ananiita." Akaweka kisu chini. "Asubuhi ile hukumwambia. Ulisahau?"

"Nilisahau, shemeji."

Akatikisa kichwa. "Inuka. Kesho utayasema haya mbele ya watu wote."

Nikayasema, kwenye mkutano wa kijiji, nimesimama. Polisi walinichukua maelezo. Kanisa lilinitenga mwaka mzima. Kaka wa Asajile alinitemea mate usoni na sikuyafuta. Lakini baridi ilitoka. Usiku ule nililala kama mtoto.

Kuhusu treni, Tulia alisema aliporudi kutoka kwaya alikikuta kichwa juu ya reli, kimepoa, magurudumu yana tope bichi. Yeye alidhani nilikiweka mimi. Huenda nilikiweka mimi. Mtu mwenye hatia mikono yake hufanya mengi bila kumwuliza. Tulikizika pembeni ya mfereji, tukang'oa reli zote.

Kisha tukaenda Lupepo, mimi, Tulia na mwenyekiti wa kijiji, kumwomba radhi Bibi Anyosisye na kumrudisha nyumbani. Jenifer alitupokea vizuri. Alituambia mama yake alipooza upande mmoja tangu mwezi alipohama, hajashuka kitandani hata siku moja.

Wenzangu walipotoka kuzungumza na Jenifer, nilibaki naye. Nikamwomba msamaha. Akanishika kwa mkono wake mzima.

"Mimi treni sijapanda maisha yangu yote," akasema. "Lakini tangu niletwe hapa nilikuwa naota. Nimekaa chini, kitu kinanizunguka kinapiga kelele. Na wewe upo. Nakuuliza, hunijibu. Kila siku hunijibu. Jumamosi moja ukanijibu."

Akanivuta karibu. "Wewe umewaambia mimi si mchawi. Usimwambie mtu ndoto hii. Wataniua."

Sikumwambia mtu. Tulimrudisha Suma, majirani wakamwezekea bati jipya, wanawake wa kanisa wakapeana zamu za kumwogesha. Aliishi miaka miwili. Mimi ndiye niliyemtengenezea kiti cha magurudumu, na kila nilipokwenda kukitia oili alinichekea kama mjukuu wake. Sijui Bibi yule alikuwa nani. Najua tu kwamba hakumuua Asajile.

Tumemzika wiki iliyopita, watu wengi mno. Tulipokuwa tunatawanyika kaburini, Jenifer alinifuata, akanivuta nyuma ya mgomba.

"Kaka Ezron, nikuambie jambo, usinicheke. Tangu mama afe naota. Nimekaa chini, kitu kinanizunguka."

"Na mimi nipo?"

Akashtuka. "Umejuaje? Upo. Nakuuliza swali. Lakini bado sisikii ninauliza nini."

Nilimwambia asimwambie mtu. Nikaenda nyumbani, na tangu siku hiyo navaa koti hata mchana wa jua.

Yeye hasikii bado. Mimi nalijua swali lenyewe. Kwa sababu kuna jambo sikumwambia Tulia, wala mkutano, wala Bibi Anyosisye. Sikusahau. Jumapili ile, saa moja asubuhi, simu yangu iliita nikiwa kitandani. Alikuwa Asajile, amefurahi kama mtoto.

"Ezron, nimeshaiwasha! Presha inapanda vizuri, leo haivuji hata tone!"

Niliukumbuka ule msumari. Niliukumbuka vizuri kabisa. Nikafikiri, nikimwambia atajua nilimfanyia hila kwenye chombo chake, ataghadhibika, na mgeni yuko njiani. Nikafikiri itavumilia.

Nikamjibu, "Vizuri." Nikageukia ukutani nikalala.