Ufunguo Pacha wa Kisiwa cha Nyange

Boti ya Waziri iligeuzwa kwa adabu kabisa. Ilipokaribia Kisiwa cha Nyange, maji yaliyoizunguka yalianza kusogea taratibu, yakaishika ubavuni, na kabla nahodha hajamaliza kulalamika, pua ya boti ilikuwa imeelekea Wete ilikotoka. Nahodha akajaribu tena, yakawa yaleyale. Waliokuwa wakitazama kutoka gatini walicheka bila hata kujificha.

Hiyo ndiyo kazi ya visukuma-maji, mamia ya mashine ndogo zilizolala chini ya bahari kukizunguka kisiwa. Hazina bunduki wala king'ora. Zinahisi chombo, zinasukuma maji kwa pamoja, basi. Msimu wa ndege wa baharini, membe, kutaga hapiti mtu, awe mtalii awe Waziri. Mhandisi Mize Faki, aliyezibuni, alilitambia jambo hilo kila alikokwenda, na alikuwa na haki. Miaka ya nyuma Nyange ilikuwa imebaki mchanga na panya. Sasa mikoko imeshika, kasa wamerudi, na membe wakiruka wote kwa pamoja kisiwa kizima huingia kivulini.

Kisiwa kilikuwa cha mama yake, Bi Raya. Alikitoa wakfu, kisha Wakfu na Serikali wakafunga mkataba wa kukilinda pamoja. Ndipo ukaundwa ufunguo pacha: nusu Serikalini, nusu kwa Wakfu, na visukuma-maji havizimiki mpaka pande zote mbili ziseme, kwa sauti zao, "Fungua."

"Serikali peke yake itauza," Bi Raya alisema siku ile ya mkataba, "na sisi peke yetu tutaoneana haya."

Safari hii Waziri Tatu Makame hakwenda kutalii. Alikwenda kutazama mahali pa kupitisha jeneza. Bi Raya alikuwa anakata roho pole pole nyumbani kwake Wete, na haja yake ilijulikana mji mzima: azikwe Nyange, ubavuni mwa mumewe, aliyezikwa huko kabla kisiwa hakijatolewa.

Kutoka botini Waziri alikwenda moja kwa moja kwa mgonjwa.

"Shikamoo, Bi Raya."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia kisiwa kimekurudisha."

"Kimenirudisha kweli, mama. Sijapata kuaibishwa vizuri namna ile."

Bi Raya akacheka mpaka akakohoa. Ili njia iwe tayari siku ya mazishi, Waziri akatoa nusu yake ya ufunguo, kidude cha ukubwa wa kokwa ya tende, akakisogeza mdomoni. "Serikali. Fungua." Kikawaka kijani. Mize, ambaye ni naibu wa mama yake katika Wakfu, akaichukua nusu ya pili chini ya mto wa mgonjwa.

"We Mize, wataka kufanya nini?"

"Si ulisema ulale na baba?"

"Nilisema. Makinda yashaota manyoya?"

Hakuna aliyejua kuliko Mize. Watu wa mazishi wakipita, membe wazima wataruka, na makinda yatabaki uchi juani. Mpaka kaburi lifukiwe, kizazi kizima cha mwaka huo kitakuwa kimekauka.

"Bado, mama."

"Basi?"

"Ni mara moja tu. Na ni wewe!"

"Ndiyo maana. Mwakani atakuja mwingine na mama yake. Utamwambia nini, kwamba wako alikuwa mama zaidi?" Akavuta pumzi. "Nilipokitoa nilimpa Mungu. Sikubakisha hata upenu."

Mize akakirudisha kidude, akalia kwa sauti, mhandisi mzima mbele ya Waziri wake. Ndani ya uchungu wake alimwonea mama yake fahari isiyo kifani. Waziri akageukia ukutani. "Serikali," akasema. "Funga."

Bi Raya akaushika mkono wa binti yake.

"Nimezaa mtu aliyejenga mlango ambao hata mimi siupiti. Wangapi wamezaa hivyo? Nizikeni hapa na wenzangu. Msimu ukiisha, nenda kwa baba yako. Mwambie nilitaka sana kuja, ila nyumba yetu ilikuwa imejaa wageni, na wana watoto wachanga."