Msemeaji wa Mzee Mbaruku

Pii. Pii. Pii. Kisha kimya.

Fundi Mwantumu aliusikia mlio huo akiwa bado ngazini, kabla hajauona mlango wala watu wa nyumba, na palepale akaujua ugonjwa. Milio mitatu mifupi ni ubao mama unaoita diski, na diski haiitiki.

Aliingia. Ilikuwa ghorofa ya thelathini na mbili, Chumbageni, Tanga. Nje ya dirisha matoroli ya angani yalipita yakiwa na masufuria ya pilau, yakiyashusha juu ya paa bila kumwaga punje. Ndani, Mzee Mbaruku alikaa kitini na kanzu mpya iliyonyooka, kola ya chuma shingoni, kisanduku cheusi mapajani. Mlio ulitoka humo.

Kisanduku hicho ni msemeaji. Miaka kumi na moja iliyopita kiharusi kilimwachia Mzee mkoromo mtupu, na hakuna aliyemwelewa. Kola huusoma mtetemo wa koo, ubao mama huupokea, na kisanduku hutamka maneno safi kwa sauti yake ya zamani. Lakini mashine haikuja ikimjua. Ilijifunza koo lake siku baada ya siku, na yote iliyojifunza yalikaa katika diski ndogo kama kokwa ya tende.

"Shikamoo, Mzee," Mwantumu alisema. Mzee akainua mkono. Fundi akageukia wengine. "Nani amegusa programu dhibiti?"

Shomari, mwana mkubwa wa Mzee, baba mzima wa miaka arobaini, akaangalia zulia.

"Mimi, fundi. Tumepaka rangi, tumeweka mapazia mapya, makochi mapya. Nikasema na mashine ya baba nayo ipate kipya. Leo tunaozesha."

"Umeisasisha mashine kama unavyobadilisha pazia?"

"Iliandika 'bora zaidi'!"

"Huyu," alisema mama yake, Bi Chausiku, "hata sumu ikiandikwa 'bora zaidi' ataomba glasi."

Mwantumu alicheka huku bisibisi ikifanya kazi. Akabadilisha waya wa diski. Haikuonekana. Akaihamishia diski tundu jingine. Haikuonekana. Akaichomeka kwenye kipimo chake mwenyewe, na hapo ikaitika mara moja: miaka kumi na moja yote imo, nzima.

"Diski ni nzima," alisema. "Sikilizeni. Ubao mama ni nyumba ya kupanga, na programu dhibiti ni mwenye nyumba, ndiye anayejua nani anakaa chumba kipi. Shomari ameleta mwenye nyumba mpya. Mpangaji wa zamani anabisha hodi, na huyu anasema simjui."

"Si umtambulishe?"

"Nimejaribu. Toleo hili limeviziba kabisa vyumba vya diski za zamani. Toleo la awali ninalo, nitalirudisha. Itachukua saa mbili, na tukikatiza katikati, ubao umekufa."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Akadi ya ndoa ilikuwa saa kumi.

Kabla ya akadi, baba huingia chumbani kwa binti yake na kumuuliza kama anaridhia kuozwa. Sheikh alikwisha kusema kwamba kwa Mzee ishara ya kichwa ingetosha. Mzee alikataa. Kwa miezi mitatu alikuwa akirudia kupitia msemeaji kwamba binti yake Hidaya atamuuliza kwa maneno, si kwa kichwa.

"Iwashe bila diski," Shomari aliomba. "Labda itaotea."

Mwantumu aliiwasha. Mzee akakoroma polepole, kwa bidii, jasho likimtoka. Kisanduku kikajibu kwa sauti ya kiwandani, nyororo na ngeni: "Naomba ufunguliwe mlango."

Shomari akaruka kuufungua. Watu wakacheka. Mzee akatikisa kichwa, akajaribu tena.

"Chai haina sukari," kilisema kisanduku.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Mzee aliivua kola mwenyewe na kuiweka mezani.

"Nani humu anamwelewa bila mashine?" Mwantumu aliuliza.

Shomari akamgeukia mama yake.

"Mimi ni mke wake miaka arobaini na tatu," Bi Chausiku alisema, taratibu. "Siku hizi akisema, nakitazama kisanduku. Sijui ni lini niliacha kumtazama mdomo."

Mwantumu hakuwa na kifaa cha kutibu hilo. Alianza kurudisha toleo la zamani, akakikumbatia kisanduku kama mtoto mchanga, na kumfuata Mzee hadi mlangoni kwa Hidaya.

Hidaya alikuwa amekaa kitandani, hina imemfika kwenye viwiko. Alitazama shingoni pa baba yake kwanza. Hapakuwa na kitu.

Mzee alikaa karibu naye, akakoroma. Swali lenyewe kila mtu alilijua, na Hidaya akafungua kinywa ajibu. Lakini baba akamzuia kwa kiganja. Kulikuwa na maneno mengine.

"Sijakupata, Baba. Rudia."

Akarudia. Hidaya akaweka vidole vyake vyekundu juu ya koo lile na kuinamisha sikio. Mara ya tatu alipata neno moja. Mara ya tano, mawili. Nje, sheikh na wageni mia tatu walingoja; Shomari alichungulia na mama yake akamvuta shati.

"Ukikataa…" Hidaya alitamka polepole, akiyafuata. "Ukikataa hata sasa… mimi… niko upande wako."

Mzee akaitikia kwa kichwa, machozi yakimteleza ndevuni.

"Naridhia, Baba. Nioze." Kisha akamshika mikono yote miwili, hina isiyokauka bado ikachafua kanzu mpya na hakuna aliyejali. "Haya maneno umekuwa nayo siku zote, nami nakisikiliza kisanduku! Kila Ijumaa nitakuja. Tutaivua kola, nitakaa hapa ubavuni pako, na sitaondoka mpaka nimekuelewa kwa masikio yangu. Nakuahidi, Baba."