Mkanda Ndani ya Kiatu cha Kushoto

"Sindano, mzigo unakuja. Mama mnene, gauni la njano. Usimwachie."

"Nimekupata, Mjomba."

Redio yenyewe ilikuwa ndogo kuliko kiberiti, imejificha ndani ya ukosi wa sare ya mkaguzi wa uwanja wa ndege. Sindano hakuwa mkaguzi. Alikuwa jasusi, mwembamba kama jina lake la kazi, bastola ya Glock kwapani. Na Mjomba, mkuu wa kikosi aliyekaa ghorofani kwenye chumba cha kamera, alikuwa mjomba wake wa damu. Ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Ndiye aliyemfunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule.

Leo viwashio vya mabomu vilikuwa vinapita mikononi mwa abiria wa kuunganisha ndege. Vikipanda ndege, kuna mji utaamkia kilio.

Mstari wa wenye haraka ulifurika. Hapa hupita wale ambao ndege ya kwanza imewachelewesha na ya pili haiwangoji. Ukiwaona utadhani nyumba zao zinaungua. Mmoja alivua hadi soksi bila kuambiwa. Mwingine alimweka mtoto kwenye trei, bibi wa mtoto akamtoa kwa matusi.

Gauni la njano likafika. Sindano akapekua mpaka kilemba. Karanga tu.

"Mwanangu, unatafuta nini humo, mume? Mimi mwenyewe nimetafuta sijamwona!"

Nyuma yake alisimama bwana wa suti ya kijivu.

"Ndege yangu! Jamani, ndege yangu!"

Mdomo ulikuwa na haraka. Mikono haikuwa nayo.

Alikunja mkanda taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akauingiza ndani ya kiatu cha kushoto. Bizimu ya chuma chini kabisa, juu ya kisigino.

Sindano akamrudishia mama kilemba chake.

Chuma hufichwa chini ya chuma. Mashine ikiona bizimu, haiulizi habari za kisigino. Alifundishwa hivyo jikoni kwao, chai ikipoa mezani. "Hili nimekufundisha wewe peke yako, mpwa wangu. Hata mke wangu halijui."

Wewe peke yako.

Redio ikanong'ona. "Sindano! Mwache huyo wa suti, ndege yake inafunga mlango. Mrudie mama."

Basi Sindano akachomoa redio ukosini. Akavuta kipaza sauti kinachotumika kuwaita abiria wazembe. Akavibananisha pamoja.

"Mjomba, lile la kiatu cha kushoto ulimfundisha nani mwingine?"



Kisha sauti ya mzee ikamwagika kutoka kila dari ya uwanja, hadi vyooni.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekulea. Mpitishe. Hivyo viwashio vikifika, mimi na wewe tutalipwa, hatutafanya kazi tena maishani."

"Na watakaolipuliwa?"

"Hao nao wana wajomba zao wa kuwalilia."

Bwana wa suti akatazama dari. Akatimua mbio na soksi. Sakafu ilikuwa imesuguliwa ikang'aa. Akateleza, akalala chali. Mama wa gauni la njano, kilemba bado mkononi, akamkalia kifuani.

"Tulia, baba. Haraka yote hii ya nini?"

Sindano alizungusha kisigino cha kiatu kilichobaki kwenye trei. Viwashio vikamwagika kiganjani kama mbegu. Kule ngazini, mabuti ya askari yalikuwa yanapanda kwa kishindo.

Akainua kipaza sauti tena. Sauti haikutetemeka. 

"Tangazo la mwisho kwa abiria Mjomba, aliyeko ghorofani. Wenyeji wako wanapanda ngazi. Huko uendako, mkanda hutauhitaji."

Akaweka redio kwenye trei, akaisukuma mashineni, akaondoka bila kugeuka.

Trei ikaingia gizani ikiita, "Sindano… mwanangu…" Ikatokea upande wa pili bado inaita, na hakuna aliyeichukua.