Mpaka Mahakama Inyanyuke

Asubuhi ile mchele ulikuwa umemwagika kizingitini kwa hakimu Trilochan Dube, umeelekea ndani, vilevile kama mkamwana wake Shyamli alivyoumwaga siku ya harusi yake, alipoupiga mtungi wa mchele kwa kidole cha mguu, kama ilivyo desturi ya bi harusi wao, akaingia. Kwenye mchele zilianza nyayo za miguu midogo iliyochovywa rangi nyekundu ya bi harusi. Zilikwenda hadi jikoni. Za kutoka hazikuwapo.

"Ni wewe?" hakimu alimuuliza Shyamli.

"Mimi tena, baba? Naolewa mara ya pili?"

Jikoni kulinuka mafuta ya taa. Nyumba ile ilipikia gesi.

Hakimu alijua. Macho utayafumba, pua je? Siku chache nyuma alikuwa amemaliza kesi ya Rajni, binti aliyejimwagia mafuta ya taa jikoni akajichoma moto, akafa, baada ya mavyaa kumsimanga usiku na mchana: kwao mahari hutoka kwa mke, na baba yake aliahidi kumpeleka kwa mume na pikipiki, akampeleka na baiskeli. Mavyaa alipatikana na hatia ya ukatili. Sheria ilimwachia hakimu apime mwenyewe: miaka mitatu jela, au chini yake apendavyo. Akaziona mvi, akaona shanga za sala, akakumbuka na ulimi wa mkewe mwenyewe nyumbani. Akapima: kifungo mpaka mahakama inyanyuke. Yaani mama akae tu pale hadi hakimu asimame. Na siku hiyo hakimu alisikia njaa mapema. Mama akatoka benchi halijapata joto.

Kuanzia asubuhi ile ya mchele bangili za kioo zikawa zinalia jikoni pasipo mtu, kwanza taratibu kama za mwanamke anayekanda unga, kisha kwa haraka, kisha kwa fujo kama za mtu anayejipigapiga kuzima kitu kifuani, na harufu ikaingia kwenye mapazia, kwenye mito, kwenye joho jeusi la hakimu, hata mawakili wakawa wanasogeza viti nyuma wakijifanya wanakohoa.

Mkewe, Kamlesh, akamleta mganga Bhikhu. Mzee akachoma pilipili kavu, akatega sikio kuelekea jikoni, akakunja mkoba wake.

"Huyu hafukuzwi," alinong'ona. "Anangoja."

"Anangoja nini?"

"Unyanyuke, mheshimiwa. Simama hapahapa, mbele ya mkeo, useme neno la haki ulilolimeza kule mahakamani. Mara moja tu. Ataondoka. Usiposema, hataondoka peke yake."

"Neno gani?" Kamlesh alifoka. "Mganga kavuta bangi! We Shyamli! Chai iko wapi? Gari aliloahidi baba yako hatukuliona, na chai nayo tuipigie ramli?"

Bangili zikanyamaza. Nyumba nzima ikamsikiliza hakimu.

Alifungua kinywa. Mtu aliyezoea kusema watu wazima wakasimama wima! Akautazama uso wa mkewe, akatazama kitambaa cha meza, masikio yakamwaka moto. Akabaki amekaa.

Shyamli akatoka jikoni na kikombe, macho chini. Miguu yake ilikuwa mikavu, lakini nyuma yake, kila alipoinua unyayo, sakafu ilibaki nyekundu. Alikuwa akitembea mmoja. Nyayo zilikuwa za wawili.

"Chai, baba."

Ilinuka mafuta ya taa. Hakimu Dube akainywa yote, hadi tone la mwisho, amekaa.