Namba Thelathini na Moja Hajatoka

"Noela, acha mabegi."

Noela hakuacha. Alipokea kibao cha namba kutoka kwa mwanafunzi, akakitundika kwenye msumari wake, akamkabidhi begi, akaita anayefuata. Foleni ilikuwa imetoka kaunta ya maktaba ikapinda kwenye kabati la magazeti, watu sitini na kitu, na huko barazani rimu la lori, kengele yao ya moto, lilikuwa bado linagongwa.

"Noela, ni moto."

"Ni mazoezi. Namba arobaini na mbili, begi la bluu, hili hapa mdogo wangu."

Kasimiri alisimama mlangoni na simu mkononi, sekunde zinakimbia. Dakika ya nne. Ya sita. Alipomwona dada mmoja anarudi ndani kuulizia mwavuli wake, uvumilivu ukamwishia. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza mihogo nje ya geti:

"Ungekuwa moto wa kweli, wewe ndiye ungekuwa umetuua wote. Wewe na hayo mabegi yako."

Foleni nzima ikageuka. Bwana Projestus, mkuu wa maktaba, akachekea puani. Noela akaliweka chini begi alilokuwa ameshika, akamtazama mwanaume ambaye wajomba zake walikuwa waje kumposea Jumamosi ya wiki iliyofuata.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza. Dakika tisa, Noela. Watu hawafi kwa dakika tisa, wanakufa kwa tatu."

"Basi mie nimemaliza," akasema, akavua kitambulisho cha kazi shingoni na kuingia stoo.

Kasimiri alikuwa fundi seremala, karakana yake mtaa wa pili kutoka maktaba ile ya Temeke. Shule aliishia darasa la saba huko kwao Masasi. Yaliyobaki aliyasoma mwenyewe kwenye meza zile, miaka kumi na mmoja, bure, na hakuna siku aliyotoka pale bila kusema asante mlangoni. Mapenzi yenyewe yalianzia hapo. Yeye anasema "Asante", binti wa kaunta anamjibu bila kuinua macho, "Namba kwanza." Kila anayeingia hupewa kibao cha namba, awe na begi awe mikono mitupu, na hatoki mpaka akirudishe. Hiyo ilikuwa sheria ya Noela. Kasimiri alipoanza kumtamani alimtengenezea ubao wa mninga wenye misumari themanini wa kutundikia vibao, akaukaza ukutani kwa skrubu nane.

Kwa kuwa alikuwa na shukrani na mahali pale, hakuweza kunyamaza pakichezewa. Mlango wa nyuma, ulioandikwa DHARURA kwa rangi nyekundu, ulikuwa na kufuli kubwa kama ngumi. Ufunguo alikuwa nao Bwana Projestus, na Bwana Projestus siku tatu kwa wiki yuko semina. Mitungi miwili ya kuzimia moto, mipya, ilifungiwa ofisini kwake isiibiwe. Isiibiwe. Kitu kimenunuliwa kwa kodi ya muuza mihogo kimwokoe mtoto wa muuza mihogo, halafu kinafichwa ili muuza mihogo asikiguse.

Kasimiri akaandika barua. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ikajibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Ya tatu aliisoma kwa sauti kwenye mkutano wa mtaa, diwani akiwa amekaa mbele, na wiki hiyohiyo kufuli likatoka. Ila Bwana Projestus naye hakukubali kushindwa bure. Akamwambia, wewe unayejua sana, kuanzia leo ndiye mkuu wa usalama hapa, bila posho. Kasimiri akapokea kwa mikono miwili, na kila Alhamisi rimu likawa linagongwa. Barua ya nne, ya mitungi, ilikuwa bado mezani kwa mkubwa.

Jioni ya ugomvi ule ujumbe uliingia:

"Waambie wajomba zako wasije. Mwanaume anayeniita muuaji mbele ya watu sitini, tukiwa wawili ndani ataniitaje?"

Alipiga mara mbili, haikupokelewa. Ya tatu Noela akapokea.

"Niambie kitu kimoja," akasema kwa utulivu uliomtisha Kasimiri kuliko kelele. "Wewe unayemkumbuka mpaka mwalimu aliyekunyima kitabu darasa la tano. Mwaka juzi, begi la yule kijana wa chuo lilipopotea kaunta kwangu. Nilikuja kulia wapi?"

Kasimiri akaanza kuhesabu miezi kichwani.

"Nililia karakanani kwako, juu ya magunia ya maranda. Mwezi mzima watu wananipita wanashika mifuko yao, wananiita mwizi kwa macho. Bosi ananiandikisha barua ya kujieleza. Halafu unaniambia acha mabegi, kama vile mie napenda mabegi."

Alikuwa amesahau. Mtu anayetunza tarehe za barua zote alizowahi kunyimwa majibu alikuwa amesahau jambo hilo moja. Noela akakata simu.

Kasimiri alikaa juu ya magunia yaleyale, akaandika ujumbe ambao hakuwahi kumwandikia mtu:

"Sina cha kujitetea. Ila ujue ninachoogopa. Nilikwambia dada yangu Anna alifariki, sikukwambia vipi. Ni moto wa bweni. Mlango ulifungwa kwa nje ili wasichana wasitoroke, madirisha yana nondo. Aliyekuwa na ufunguo alikuwa harusini. Na hakuna aliyewahesabu, Noela. Tuliambiwa wote wametoka. Mama akapika chai ya kumshukuru Mungu. Mchana ndiyo tukaambiwa mmoja hayupo. Nikiona foleni mbele ya mlango namwona yeye. Nisamehe."

Alama mbili za bluu zikatokea. Jibu halikuja. Halikuja Ijumaa, wala Jumatatu, na Jumatano Kasimiri alikuwa bado hajawaambia wajomba, kwa sababu basi la kutoka Masasi walishakata tiketi na kwa sababu hakujua aanzie wapi.

Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi, alikuwa anapiga randa fremu ya dirisha. Simu ikaita. Jina la Noela, kwa mara ya kwanza baada ya siku saba.

"Kasimiri, moto. Wa kweli. Kiyoyozi cha ofisi ya bosi. Nimeshawatoa, njoo."

Hakuvaa hata viatu. Alipofika, moshi mweusi ulikuwa unatoka dirisha la ofisi, ofisi ileile yenye mitungi miwili ndani na mlango uliofungwa kwa funguo. Geti lilikuwa wazi. Wasomaji walikuwa wamejikusanya kwenye tenki la maji, mahali alipowaambia kila Alhamisi wakakusanyike na kila Alhamisi hawakwenda. Wamesimama mikono mitupu. Hakuna hata mmoja mwenye begi.

Katikati yao Noela kapanda juu ya tofali, ubao wa mninga kaukumbatia kifuani.

"Namba tisa?"

"Nipo, dada."

"Kumi na moja?"

"Nipo."

Kasimiri akasimama palepale. Akaelewa. Kibao kilichoning'inia ubaoni ni namba isiyo na mtu. Msumari mtupu ni mtu aliyeingia. Noela alikuwa anasoma misumari mitupu, mmoja baada ya mwingine, na kila msumari ulikuwa unajibu kwa mdomo.

"Ishirini na nane?"

"Nipo."

"Thelathini na moja?"

Kimya.

"Thelathini na moja. Mzee Mwishehe."

Watu wakageuka kutazamana. Mzee Mwishehe kila mtu alimjua, mstaafu wa bandari, hana begi wala mkoba, kila siku analalamika kupewa namba na kila siku anaidai hiyohiyo. Noela akafumba macho kidogo, anakumbuka.

"Alienda choo cha nyuma na gazeti lake, rimu lilikuwa halijagongwa." Akashuka kwenye tofali, anamkabidhi dada wa pembeni ubao. Kasimiri akamshika mkono.

"Wewe maliza namba. Naenda mie."

Noela akachovya kitenge chake kwenye ndoo ya tenki, akamtupia.

"Pita mlango wako."

Mlango wako. Kasimiri alizunguka nyuma ya jengo, akausukuma kwa bega kwa nguvu zote, kama anavyousukuma ndotoni miaka yote hii. Haukuhitaji nguvu. Ulifunguka kama mlango, na nusura aanguke. Ndani moshi ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa kifua. Akainama, kitenge puani, mkono ukutani, mpaka chooni. Akagonga.

"Mzee, shikamoo. Toka."

"Marahaba. Nimeshasema haya mazoezi yenu mie siyawezi. Kila Alhamisi mtu hapumui."

"Si mazoezi, mzee. Nusa."

Mle ndani gazeti likakunjwa.

"Lahaula. Ngoja basi nifunge mkanda."

"Utafunga huku tunatembea."

Walipotokea nyuma ya jengo, mzee kashikilia suruali kwa mkono mmoja na gazeti kwa mwingine, watu wa kwenye tenki hawakushangilia. Walipumua tu, wote kwa pamoja. Noela alikuwa amekwisha kuita namba zote. Hakushuka kwenye tofali mpaka Mzee Mwishehe aliposimama mbele yake.

"Thelathini na moja?" akamuuliza.

Mzee alitaka kutania, akaghairi. "Nipo, mwanangu," akasema. "Nipo."

Kasimiri akakaa chini kwenye mchanga na kulia, na hakujali nani anamtazama.

Zimamoto walifika wakaumaliza moto ndani ya nusu saa. Iliungua ofisi na rafu moja ya vitabu. Mitungi miwili ilikutwa kwenye masizi, nailoni yake ya dukani imegandia juu. Bwana Projestus akafika kutoka semina, akamweleza ofisa wa zimamoto kwamba msimamo wake siku zote ulikuwa mlango wa nyuma uwe wazi na vifaa viwe karibu na watu. Kasimiri hakubishana naye. Akamtuma mtu karakanani, zikaletwa nakala za barua nne, akamkabidhi ofisa.

"Tarehe zimo," akasema tu. Ofisa akasoma ya kwanza, akamtazama Bwana Projestus, akasoma ya pili, akamwomba wasogee pembeni wazungumze.

Kisha Kasimiri akapanda juu ya tofali la Noela.

"Alhamisi iliyopita nilisimama pale mlangoni nikasema huyu binti angetuua. Mlinisikia nyie nyote, kwa hiyo nisikieni na leo. Mie nilipigania mlango. Mlango hauhesabu watu. Aliyejua nani kabaki ndani ni huyu hapa, kwa vibao vyake nilivyovitukana. Kwetu kuna mtu hakuhesabiwa, na hakurudi." Akamgeukia. "Noela, nilikukosea mbele ya watu, nakushukuru mbele ya watu. Asante."

Noela alijifuta uso kwa kiganja.

"Shuka," akasema. "Utalivunja tofali la watu."

Kicheko kikapita, watu wakawapisha. Walipobaki wawili nyuma ya tenki, Noela alimweleza. Ujumbe ule aliusoma akashindwa ajibu nini. Kila alichoandika alikiona kidogo, akakifuta. Asubuhi yake, Ijumaa, aliazima bisibisi kwa fundi redio, akaja kazini mapema, akafungua skrubu zote nane. Ubao akautundika kwenye ndoano moja tu, ili siku ikifika aunyakue kwa mkono. Na wiki nzima, kila msomaji aliyeingia alimwambia neno moja wakati anampa kibao: rimu likilia, begi liache, namba ondoka nayo, begi lako nalijua mie.

"Ulizikaza sana zile skrubu," akasema. "Viganja vimetoka malengelenge."

"Nilikuwa nataka unione fundi."

"Nilikuona." Akapuliza kiganja. "Wajomba uliwaambia?"

"Sijawaambia. Wako njiani kesho."

"Wewe mwanaume mbishi."

"Niwarudishe?"

"Waje saa nne. Baba hapendi wachelewaji."

Jumamosi walifika kwa kina Noela, Wazo, saa nne kasoro dakika tano, wajomba wawili wa Masasi, Kasimiri, na Mzee Mwishehe, ambaye alikuwa amejiteua mwenyewe kuwa mshenga na hakuna aliyethubutu kumpinga. Mzee Kamugisha, baba yake Noela, mwalimu mstaafu, aliwakaribisha sebuleni, akasubiri soda zifunguliwe, kisha akauliza wageni wamefika kwa shida gani.

Mzee Mwishehe akatoa kibao mfukoni, akakiweka mezani. Namba thelathini na moja.

"Hii sijairudisha mpaka leo," akasema. "Binti yako aliniita kwa hii. Moto unawaka, watu wanataka kukimbilia makwao, yeye kaganda palepale anataka thelathini na moja ajibu. Na huyu kijana ndiye aliyekuja kunitoa. Sasa mwalimu, nimekaa nikapiga mahesabu. Watu wawili hawa wakiendelea kuishi nyumba mbalimbali, siku nikikwama tena nitaokolewa nusu. Ndiyo shida yangu."

Mzee Kamugisha alijitahidi kukunja uso akashindwa. Akamgeukia Kasimiri.

"Kijana, nyumba utakayomweka mwanangu ina milango mingapi?"

"Miwili, baba. Wa nyuma hauna kufuli."

Simu ikatetema mfukoni. Akachungulia. Ujumbe kutoka chumba cha pili: "Mwambie una komeo la ndani. Hii Dar." Akarekebisha jibu, na sebule nzima ikacheka, na huko ndani akina mama wakapiga kigelegele kabla hata mzee hajasema ndiyo. Akasema ndiyo.

Wakati wa kuondoka, Mzee Mwishehe alimkabidhi Noela kibao chake. Wajomba walitangulia nje. Kasimiri akabaki kizingitini, akageuka, akasema neno alilolisema kwenye mlango wa maktaba kwa miaka kumi na mmoja.

"Asante."

Kwa mazoea Noela akanyoosha kiganja cha kudai namba. Kisha akakiona kile kibao mkononi mwake, akakifumbata.

"Leo nenda tu," akamwambia. "Hesabu imetimia."