Siku Kumi na Nne za Kibali

Kadra Jarso aliishi na mumewe, Abduba, karibu na mji wa Garsen. Walikuwa wafugaji. Kila asubuhi, baada ya swala ya alfajiri, Kadra alikamua ng'ombe. Maziwa ya watoto aliyatenga kwanza. Yaliyobaki aliyapeleka Garsen kwa bodaboda. Abduba alichunga. Walikuwa na ng'ombe thelathini na mmoja, na maisha yao yote yaliwategemea hao.

Jumatatu moja Abduba alirudi kutoka mnadani akiwa na hasira.

"Kuna sheria mpya," alisema. "Ukitaka kuvusha ng'ombe kwenda kaunti nyingine, uombe kibali Hola, makao makuu ya kaunti. Usubiri siku kumi na nne."

"Siku kumi na nne?" Kadra aliuliza. "Na mto ukijaa?"

"Usubiri. Alhamisi tunafunga barabara pale njia panda ya Minjila, kupinga."

Kesho yake, Kadra alipomaliza kuuza maziwa, alipita dukani kwa Nasteha. Nasteha alikuwa na duka la kutoa nakala. Pia alikuwa amesomea kazi ya msaidizi wa kisheria, na watu wengi walimwendea na barua wasizozielewa.

"Nasteha, hii sheria ya kibali ni kweli?"

"Bado si sheria, mama. Ni mswada. Mswada ni sheria inayopendekezwa. Inaweza kubadilishwa."

"Nani ameuandika?"

"Wizara ya mifugo. Wanataka kuzuia magonjwa ya mifugo yasienee. Wakulima nao walilalamika kuhusu ng'ombe kuingia mashambani. Wenye kuuza nyama nchi za nje walitaka masharti makali zaidi. Kila kundi lilipeleka maoni yake wizarani."

"Na sisi wafugaji wa huku, nani alipeleka yetu?"

"Sijasikia mtu aliyepeleka."

Kadra alikaa kwenye benchi. "Basi nimwone mwakilishi wetu wa wadi."

"Yeye anatunga sheria za kaunti. Huu ni mswada wa taifa. Uko Bunge la Taifa. Ukipita huko utakwenda Seneti, kwa sababu unagusa kazi za kaunti. Mwisho Rais anatia sahihi."

"Tumechelewa."

"Hapana. Sasa uko mbele ya kamati. Kamati ni wabunge wachache wanaouchunguza mswada kwa niaba ya wenzao. Katiba inataka wananchi wasikilizwe kabla Bunge halijaamua." Nasteha akafunua gazeti na kuweka kidole kwenye tangazo. "Kamati inakuja Hola. Alhamisi hii."

Ilikuwa siku ileile ya kufunga barabara.

"Nitawaambia hatuutaki," Kadra alisema.

"Watasikia, kisha watafunga daftari. Waambie kifungu gani kina shida. Waambie kitaleta madhara gani. Halafu waambie wewe ungeandika nini badala yake."

Siku hiyo walikaa mpaka adhuhuri. Kadra alisema, Nasteha akaandika. Ukurasa mmoja ulitosha.

Nyumbani, Abduba hakupendezwa. "Wamekwishaamua. Wanakuja kutupumbaza."

"Labda," Kadra alisema. "Lakini ukifunga barabara, wao watajuaje ni kifungu gani cha kubadilisha?"

"Wewe unakijua?"

"Cha kumi na moja."

Alhamisi alfajiri, kabla barabara haijafungwa, Abduba alikwenda naye Hola. Alisema anakwenda kuangalia tu.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na wafugaji, wakulima, wenye maduka na maafisa wa serikali. Abduba alishindwa kuvumilia. Alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Hatuutaki mswada huu," alisema. "Mnataka kutumaliza."

Mwenyekiti wa kamati alimshukuru. Karani hakuandika kitu zaidi ya jina lake.

Kisha akasimama Harrison, mkulima wa Wenje. "Mimi nautaka," alisema. "Mwaka jana ng'ombe walikula mahindi yangu yote. Sikujua wanakuja. Kibali kitawazuia."

Watu wakaanza kunong'ona. Ilipofika zamu yake, Kadra alisimama na karatasi mkononi.

"Mheshimiwa mwenyekiti, nazungumzia kifungu cha kumi na moja. Mafuriko yaliyopita, maji yalifika kwetu asubuhi. Adhuhuri boma lilikuwa ndani ya maji. Tuliondoka na ng'ombe kuelekea Witu, kaunti ya Lamu. Jirani yetu alisubiri siku moja tu. Walizama ng'ombe wake kumi na tisa. Kwa mswada huu, sisi sote tungesubiri siku kumi na nne."

Karani alikuwa akiandika sasa.

"Unataka kifungu kifutwe?" mwenyekiti aliuliza.

"Hapana. Ugonjwa wa ng'ombe naujua, na sitaki kuupeleka kwa watu. Nataka wakati wa mafuriko au ukame nimpigie simu afisa wa mifugo, niondoke. Akague ng'ombe nikishafika. Pili, kibali kitolewe Garsen pia. Hola ni mbali."

Harrison alinyoosha mkono tena. "Kama afisa atapigiwa simu, basi na sisi wakulima tuambiwe. Na malka ziwekewe alama." Malka ni njia ya mifugo ya kufika mtoni, kupitia katikati ya mashamba. "Ng'ombe wakipita malka, mimi sina ugomvi na huyu mama."

Miezi mitano ilipita. Nasteha alifuatilia mswada. Maafisa wa wizara walipinga mabadiliko. Walihofia watu wangetumia mafuriko kama kisingizio. Kadra na wanawake wengine wauza maziwa walimwendea mbunge wao, kwa sababu yeye ndiye angepiga kura. Wakampa nakala ya ule ukurasa. Mwishowe Bunge likakubali mfugaji apige simu na kuondoka wakati wa mafuriko au ukame, lakini likaweka sharti kwamba ukaguzi ufanywe ndani ya siku tatu. Seneti ikaongeza kwamba kaunti ziweke alama kwenye malka. Ombi la ofisi ya Garsen lilikataliwa. Rais akatia sahihi.

Msimu wa mvua uliofuata, mto ulianza kupanda. Kadra alimpigia simu Baya, afisa wa mifugo. Baya aliandika jina, idadi ya ng'ombe na mahali wanapokwenda, kisha akawajulisha wakulima wa njiani. Abduba aliondoka saa tatu asubuhi. Malka zilikuwa na vigingi vyeupe. Hakuna shamba lililoguswa. Ng'ombe wote walifika Witu.

Siku ya tatu Baya alifika kwa pikipiki yenye matope. Alikagua midomo na kwato. Akaandika kibali akiwa amesimama.

Maji yalipopungua, Abduba alikwenda Garsen peke yake, akaingia dukani kwa Nasteha.

"Nataka kuandika barua Bungeni," alisema. "Kuhusu ofisi ya vibali hapa Garsen."

Nasteha alichukua kalamu. "Utawaambia nini, mzee?"

Abduba alivuta kiti, akakaa, akafikiri kwanza.